Vikaratasi vya Ghorofa ya Sita

Wasemao kizuri chajiuza
hawajawahi kuwa na duka.
Mimi nilikuwa nalo, Kaunas, karibu na reli,
miaka kumi na tisa ya kukodisha kanda,
na nilivyoona mimi, kizuri hukaa rafu ya chini kabisa
kikila vumbi, jina limefifia kwa jua la dirishani,
kikingoja mtu ainame kufunga kamba za kiatu.

Siku hizi pale wanang'oa meno.
Filamu zote zimehamia ndani ya ukuta,
na Bi Genovaitė wa ghorofa ya sita, mlango wa kushoto,
aliyelipiwa usajili na bintiye aliyeko Bergen,
ameketi na rimoti kama mtu aliyekabidhiwa funguo za mji mzima
asijue nyumba ipi ina watu.
"Eligijus," aliniambia kwenye lifti, "vyote vinapiga kelele.
Nitafutie kinachonong'ona."

Basi naandika, nyuma ya risiti za duka la dawa,
nasukuma chini ya mlango wake:

*Usibonyeze picha kubwa ya juu. Hiyo imelipiwa ikae pale.
Shuka. Shuka tena, mpaka kidole kichoke,
wapite wenye bastola, wapite maharusi,
hadi uone mizani ya malori.
Mwanamke anapima malori usiku, mpakani.
Kila dereva anamdanganya uzito,
na alfajiri moja anapanda mizani mwenyewe.
Sisemi zaidi. Zima taa ya jikoni.*

Alhamisi:
*Ile ya kinanda kisichopita mlangoni.
Ndugu wawili, dakika themanini na mbili, ngazi moja tu.
Utacheka, halafu utanichukia.
Maandishi ya chini yanakimbia:
vaa miwani ya kusomea, si ile ya kutazamia watu.*

Jumamosi: *Usitazame kitu. Vijana wa juu wana sherehe.*

Majibu yake huja kwa penseli.
"Ya mizani, mara mbili.
Ya kinanda nimeiacha nusu. Yule mdogo mtu anashika ukuta
kama Albinas wangu alivyokuwa akishika, mwaka ule wa mwisho."

Sikujua nijibu nini. Nikampelekea ya wafuga nyuki,
ambayo, nakiri, ni mbaya,
ila ina manjano mengi, na ilikuwa Januari.

Jana ndipo nikamwandikia niipendayo kuliko zote:
golikipa kiziwi, mechi moja, mvua,
na kila tunapoona kwa macho yake
sauti inakatika, hata ya mvua.
Karatasi ikarudi na neno moja: "Haimo."

Nikapanda. Tukaandika jina herufi kwa herufi,
na vialama vyake, kisha bila vialama.
Jumanne ilikuwepo, naapa.
Runinga ikatujibu, kwa adabu ya karani wa benki,
kwamba filamu hii haipatikani katika eneo lenu.
Eneo letu! Uwanja walioigizia unaonekana dirishani kwake,
theluji hadi magotini, goli moja limebaki.

"Kanda ninayo," nikasema. "Mashine ndiyo sina."
"Mashine ninayo," akasema. "Albinas hakutupa kitu."

Ilikuwa chini ya kitanda, imevikwa foronya.
Kwenye kanda bado kuna kibandiko changu, kwa mwandiko wa ujana:
TAFADHALI RUDISHA MWANZO.
Hakuna aliyewahi kutii.
Mashine ikakohoa, ikaimeza,
na tukajikuta dakika ya hamsini, mvua imeshashika kasi,
pale mteja wangu wa mwisho, sijui nani,
alipoisimamisha akaenda kulala,
au kupokea simu, au kumfungulia mtu mlango.

Nikanyoosha mkono nirudishe.
"Acha," alisema Bi Genovaitė,
akinisogezea mkate wa rai na siagi.
"Mwanzo utanisimulia wewe."